Everest kwa wiki moja haijafupisha Kilimanjaro

Mei 2025 Waingereza wanne, mmoja wao Alistair Carns, waziri katika serikali ya nchi yao, waliondoka London tarehe 16, na asubuhi ya tarehe 21 walikuwa juu ya Everest, mita 8,849. Wiki haijaisha wakawa wamerudi makwao. Msafara wa kawaida wa mlima huo hula wiki sita hadi nane, kwa hiyo habari ilienea kwa kasi, na kilichopewa uzito kwenye vichwa vya habari ni xenon, gesi waliyovutishwa huko Ujerumani kabla ya safari. Wengi wakaelewa kwamba sayansi sasa imepata njia ya kuuruka muda wa kuuzoesha mwili mwinuko. Fikra hiyo ikitua Moshi na Arusha, ambako kila siku ya mlimani ina bei yake, ni rahisi sana kugeuzwa tangazo la biashara. Msimamo wangu ni huu: siku za Everest hazikufutwa, zilihamishwa. Zilitolewa kambini zikapelekwa chumbani kwa mteja. Anayeuza Kilimanjaro ya siku tano kwa kuegemea mfano huo anauza nusu ya pili ya maandalizi ambayo nusu yake ya kwanza haikufanyika.

Tuanze na walichofanya wale wanne. Kwa wiki kadhaa kabla ya kusafiri walikuwa wakilala kwenye mahema yenye oksijeni pungufu. Hema lenyewe ni dogo, linafunika kitanda, na limeunganishwa kwa bomba na mashine inayopunguza oksijeni katika hewa. Hewa ya kawaida ina oksijeni karibu asilimia 21. Mashine huishusha hatua kwa hatua, na ikifika kama asilimia 12 mtu aliyelala kitandani kwake London anapumua oksijeni inayokaribiana na ya Kibo Hut, kambi ya mwisho ya njia ya Marangu kabla ya kilele cha Kilimanjaro. Baada ya wiki hizo ndipo ilipokuja xenon, kisha ndege, kisha helikopta hadi kambi ya chini, kisha Masherpa waliokwisha kupandisha mizigo na kufunga kamba, na mitungi ya oksijeni njiani. Katika orodha hiyo ndefu, gesi ni kipengele kimoja tu, tena ndicho chenye ushahidi mdogo kuliko vyote. Januari 2025, miezi minne kabla ya msafara, tume ya tiba ya UIAA, shirikisho la kimataifa la wapanda milima, ilitoa taarifa kwamba hakuna ushahidi kuwa kuvuta xenon kunamsaidia mpanda mlima, na kwamba kuitumia ovyo kunaweza kuwa hatari. Msimu huohuo mpandaji Andrew Ushakov alitangaza kwamba ametoka New York na kufika kilele cha Everest kwa muda usiotimia siku nne bila xenon, naye pia akiwa amejiandaa kwa hewa yenye oksijeni pungufu. Kama wote wamefika, na kinachowaunganisha ni maandalizi ya hewa pungufu pamoja na mitungi, basi swali kuhusu gesi limeanza kujijibu.

Ukiujua mwili unavyozoea mwinuko, wala jambo hili halishangazi. Kwenye kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, shinikizo la hewa ni karibu nusu ya lile la pwani, kwa hiyo kila pumzi inaleta karibu nusu ya oksijeni. Mwili hujibu kwa awamu. Ndani ya saa chache unaanza kupumua kwa haraka na kwa kina, lakini kupumua hivyo kunaondoa kabonidayoksaidi nyingi, damu inaegemea upande wa alikali, na ubongo unatoa amri ya kupunguza kasi ya pumzi. Ndiyo maana usiku wa kwanza mahali pa juu mtu hupumua, akanyamaza, kisha akashtuka akivuta hewa kwa nguvu. Kinachofungua mkwamo huo ni figo, zinazotoa bikaboneti, kemikali ya upande wa alikali, kwenye mkojo, na kazi hiyo huchukua siku kadhaa. Xenon inadaiwa kusisimua utengenezaji wa homoni ya EPO, ileile iliyofanya WADA, shirika la kimataifa linalopambana na dawa haramu michezoni, kuipiga marufuku gesi hii mwaka 2014. EPO huchochea seli nyekundu za damu, na seli hizo huhitaji wiki ili ziongezeke kwa kiasi cha maana. Kumbe maumivu ya kichwa na kichefuchefu vya maradhi ya mwinuko huanza saa sita hadi 12 tu baada ya kufika juu. Hata gesi ingefanya kila inachosifiwa, isingemsaidia mpandaji wa njia ya Marangu usiku wake wa pili, kwenye kambi ya Horombo, kwa sababu usiku ule tatizo lake liko kwenye pumzi na figo.

Sasa tupige hesabu ya mlima wetu. Njia ya Marangu kwa siku tano inakwenda hivi: usiku wa kwanza Mandara, mita 2,720, wa pili Horombo, mita 3,720, siku ya tatu mtu anafika Kibo, mita 4,720, alasiri, anakula, anajilaza bila kupata usingizi wa maana, na kwenye saa tano au saa sita usiku anaamshwa kuelekea Gilman's, ukingoni mwa kreta, mita 5,685, kisha kilele cha Uhuru. Mwongozo wa madaktari wa milimani ni kwamba ukishavuka mita 3,000 usiongeze kimo cha kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku moja bila kupandisha kimo cha kulala. Ratiba hii inaongeza mita 1,000 kwa usiku mara mbili mfululizo. Kutoka kitanda cha Horombo hadi kileleni ni mita 2,175 ndani ya saa 24 hivi. Ukiongeza usiku mmoja Horombo, mchana ukapanda hadi Zebra Rocks au juu zaidi kuelekea Mawenzi kisha ukarudi kulala palepale, safari inakuwa ya siku sita na angalau figo zimepata muda. Bado mruko wa Kibo unabaki, ila unafanywa na mwili mwingine.

Njia za Machame na Lemosho zimejengwa vizuri zaidi kwa jambo hili, kwa sababu ya siku ile ya Lava Tower. Unaondoka Shira kwenye mita 3,800 na kitu, unapanda hadi mita 4,600, unakaa pale saa moja au mbili kula chakula cha mchana, kisha unashuka kulala Barranco, chini ya mita 4,000. Mwili umeonjeshwa mwinuko mkubwa bila kulazwa huko. Kinachoharibu Machame ni kuikata siku ya Karanga. Ratiba ya siku sita inamtoa mtu Barranco, inampandisha ukuta wa Barranco, inampitisha Karanga bila kulala na kumfikisha Barafu, mita 4,673, jioni akiwa hoi, na saa sita usiku anaondoka tena. Ile ya siku saba inamlaza Karanga, ili siku inayofuata atembee saa tatu au nne tu, afike Barafu mchana na apate muda wa kunywa na kupumzika. Tofauti ni usiku mmoja. Kuna asilimia za mafanikio zinazonakiliwa kutoka tovuti moja ya wakala hadi nyingine, siku tano kiasi hiki, siku nane kiasi kile, bila yeyote kuonyesha zilivyokusanywa. Mimi sizihitaji, hesabu ya mita kwa usiku inatosha.

Wanaotetea safari za haraka wana hoja, na moja ni nzito. Huko Everest kuzoea mwinuko kwa njia ya kale maana yake ni kupita mara kadhaa kwenye maporomoko ya barafu ya Khumbu, mahali ambapo Aprili 2014 wafanyakazi 16 wa Nepali walifukiwa na kufa ndani ya dakika chache. Mteja aliyejiandaa nyumbani anapita pale mara chache, anakaa kambini siku chache, na kinyesi na takataka zake ni pungufu. Hoja hiyo naikubali kwa upande wa mteja, ingawa Sherpa anayebeba hema na mitungi yake bado anapita palepale. Lakini haisafiri hadi Kilimanjaro. Njia zetu za kawaida hazikanyagi barafu hata kidogo, na Western Breach, ambako mawe yaliua wapandaji watatu Januari 2006, ni njia ya wachache. Kwenye Marangu, Machame, Lemosho na Rongai hatari kuu ni mwinuko wenyewe, na dawa ya hatari hiyo ni zile siku zinazotaka kukatwa. Kule kupunguza siku kunamwepusha mteja na barafu inayoanguka. Hapa kunamwondolea kinga.

Hoja ya pili ni fedha, na hii sitaki kuipita haraka. Mgeni hulipa ada ya hifadhi ya dola 70 kwa siku na ya kambi dola 50 kwa usiku, kabla ya kodi, na juu ya hapo kuna posho za wapagazi, chakula na gesi ya kupikia. Siku moja zaidi kwa kundi dogo ni fedha ya kuuma. Mtanzania analipa ada ndogo zaidi, lakini naye ana likizo fupi na mshahara unaojulikana, na wengi hupanda kwa makundi Desemba, msimu wa Uhuru, kwa ratiba fupi kwa sababu ndiyo waliyoweza kuchangia. Kumwambia mtu huyo alipie siku nane za Lemosho ni kumfukuza mlimani kwa adabu. Jibu langu kwake ni Marangu ya siku sita badala ya tano. Akipata nafasi, atangulie Meru, mita 4,562, alale Miriakamba na Saddle Hut kwenye mita 3,570, kisha aende Kilimanjaro ndani ya siku chache. Asingoje mwezi: mazoea ya mwinuko huanza kupotea ndani ya wiki moja au mbili ukirudi chini. Na kulala siku mbili kwenye hoteli ya Marangu au Machame mjini hakumpi kitu. Chini ya mita 2,500 mwili haujasukumwa vya kutosha.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayopendwa kuliko zote: ile ya rekodi na stamina. Utasikia kwamba Simon Mtuy alipanda na kushuka Kilimanjaro mwaka 2006 kwa chini ya saa kumi, na Karl Egloff mwaka 2014 kwa chini ya saa saba, kwa hiyo siku tano kwa mtu mwenye mazoezi ni nyingi. Mtuy ni mzaliwa wa Kilimanjaro na mwongozaji wa mlima huohuo. Egloff ni mwongozaji wa milima kutoka Ecuador, mtu wa Quito, mji ulio mita 2,850. Miili yao ilikuwa imeshazoea kabla saa haijaanza kuhesabiwa. Zaidi ya hapo, anayekimbia anakaa juu ya mita 5,000 kwa saa chache tu na kushuka, pengine kabla maradhi hayajapata muda wa kujitokeza. Mteja wa siku tano anafika Kibo alasiri, anakaa masaa, anapanda usiku kucha, na maradhi yanampata katikati ya changarawe akiwa amechoka. Kuhusu stamina, waongozaji wanajua nani wa kumchunga: kijana wa gym, mkimbiaji wa marathoni, anayetangulia kila kundi na kufika kambini saa mbili kabla ya wenzake. Mapafu na miguu yenye mazoezi humpandisha haraka, na kupanda haraka ndiko kunakoleta ugonjwa. "Pole pole" inayoimbwa njiani haimlengi mzee wa miaka 60, maana yeye anakwenda pole pole bila kuambiwa. Inamlenga huyu.

Ikishindikana stamina, hutajwa vidonge. Hapo kuna mchanganyiko unaohitaji kunyooshwa. Acetazolamide, inayouzwa kama Diamox, inazisukuma figo kutoa bikaboneti mapema, kwa hiyo kweli inaharakisha kuzoea. Dozi ya kinga kwa mtu mzima ni miligramu 125 kila saa 12, kuanzia siku moja kabla ya kupanda, yaani nusu ya kidonge cha miligramu 250. Vidole vitawasha kama vimekaliwa, mkojo utaongezeka na soda itapoteza ladha. Hayo ni ya kawaida. Mwenye mzio wa dawa za salfa amwone daktari kwanza. Deksamethasoni ni kitu kingine. Inapunguza uvimbe wa ubongo na imeokoa watu, lakini haizoeshi mwili chochote. Ukiimeza ili ufike kileleni umezima king'ora huku moto ukiendelea, na ikiisha nguvu ukiwa Stella Point, ukingoni mwa kreta karibu na kilele, utajuta. Hiyo ni dawa ya kumshushia mgonjwa.

Kuna pia helikopta. Kweli zipo, na zimewaokoa watu. Ila helikopta inataka anga wazi, na Kilimanjaro mawingu hupanda kutoka msituni mchana karibu kila siku. Inataka pia mahali pa kutua, na hewa nyembamba inapunguza uwezo wake kama inavyopunguza wa binadamu. Desemba 2025 helikopta iliyokwenda kuchukua wagonjwa ilianguka eneo la Barafu na watu watano wakafa. Anayeanguka juu ya Barafu usiku bado anashushwa na mikono ya watu, na upande wa Marangu kwa machela yenye gurudumu moja katikati, wanaume wanne au sita wakiishika pande zote kwenye mawe. Ratiba inayomtegemea mwokoaji tangu inapoandikwa imeshakosewa.

Watakaotaka kukanyaga barafu yenyewe hapa kwetu waende Rwenzori, kwa Margherita, mita 5,109, mpakani mwa Uganda na Congo. Huko hesabu ya usiku ni ileile, lakini adhabu ni kali zaidi. Njia ya katikati inalaza watu Nyabitaba, John Matte, kisha Bujuku karibu mita 3,960, halafu Elena, mita 4,541, na alfajiri na mapema wanaondoka na kramponi, yaani meno ya chuma yanayofungwa viatuni, shoka la barafu, mkanda wa kiunoni na kamba moja inayowaunganisha. Kwenye changarawe ya Kibo mtu aliyepungukiwa oksijeni hukaa chini. Kwenye barafu yenye mteremko, huyohuyo anakanyaga suruali yake kwa meno ya kramponi, anasahau kufunga karabina, pete ya chuma ya usalama, kwenye kamba, na akiteleza anawavuta wote. Barafu yenyewe inayeyuka mwaka hadi mwaka, ikiacha miamba mitupu iliyolowa na nyufa mpya, kwa hiyo njia ya mwaka juzi si lazima iwe ya leo. Anayekuja kutoka Dar au Mombasa na kupangiwa siku chache hadi Elena ni mzigo kwa kila aliyefungwa naye kamba moja.

Kuna watu ambao hawamo kabisa katika mjadala wa xenon, nao ni wagumu, wapagazi. Hakuna atakayewanunulia hema la oksijeni pungufu. Mpagazi anayepanda mfululizo msimu mzima mwili wake umezoea, lakini yule aliyekaa Moshi, chini ya mita 1,000, miezi miwili ya masika, anaanza Juni akiwa sawa na mteja wake, tena na kilo 20 za kampuni juu ya mzigo wake mwenyewe, na lazima afike kambini kwanza ili asimike mahema. Safari ikifupishwa, naye anapandishwa kwa kasi ileile, na kwa kuwa analipwa kwa siku, anatoka na pato pungufu. Jioni kwenye hema la chakula mwongozaji anapita na kipima oksijeni cha kidoleni kwa wateja. Ni mara ngapi kifaa hicho kinapelekwa jikoni?

Na kifaa chenyewe kisiabudiwe. Kidole chenye baridi kinasoma chini ya ukweli, na rangi ya kucha au piko inaweza kukidanganya. Pasha mkono joto, subiri namba itulie, ndipo uandike. Kwenye mita 4,700 mtu anaweza kusoma 80 na kitu akiwa salama kabisa. Namba ni ya kulinganisha na jana yake na wenzake. Kinachoamua ni maswali manne ya kipimo cha Lake Louise: kichwa, tumbo, uchovu na kizunguzungu, kila kimoja kutoka 0 hadi 3. Kichwa kikiuma na jumla ikafika 3, mtu huyo hapandi zaidi hadi apate nafuu. Kisha mstari: atembee hatua kumi kwa kugusanisha kisigino na ncha ya kiatu. Akiyumba, ubongo umeanza kuvimba, na anashushwa usiku huohuo. Anayekohoa na kuhema hata akiwa amekaa, naye hasubiri asubuhi.

Wenye mamlaka wana la kufanya pia. KINAPA, hifadhi ya taifa ya Kilimanjaro, inapima mizigo ya wapagazi langoni. Ingeweza vilevile kuangalia ratiba na kukataa ile inayoruka mita 1,000 au zaidi mara mbili mfululizo bila usiku wa kuzoea. Mteja, kwa upande wake, asiulize safari ni ya siku ngapi tu, maana siku za kushuka nazo huhesabiwa humo. Aulize atalala mita ngapi kila usiku. Na makampuni yamalize jambo moja ambalo kila mwongozaji analijua na wachache wanalisema: kumgeuza mteja mita 200 chini ya Uhuru kunaweza kumgharimu mwongozaji bakshishi, na wapo wanaomsukuma mgonjwa mbele kwa sababu hiyo. Mwongozaji aliyegeuza mtu alipwe sawasawa na aliyemfikisha, na mteja asaini karatasi inayosema hivyo akiwa bado Moshi, kabla hajapanda gari la kwenda langoni.